Mkisema tena "elimu itolewe" natoka kikaoni

Wiki iliyopita nimekaa kikao cha saa tatu kuhusu kuharisha kwa watoto kwenye shule moja, na hata dakika kumi hazijaisha mtu kanyoosha mkono: "mimi naona tatizo hapa ni elimu, watoto wapewe elimu ya kunawa mikono." Watu wakatikisa vichwa kukubali, katibu akaandika azimio namba moja. Mi nimekaa karibu na dirisha, naliona kabisa bomba la shule pale nje. Halina koki. Halina koki jamani, limezibwa na kijiti kilichozungushiwa mpira wa baiskeli.

Nipo kwenye hii kazi ya afya ya jamii miaka mingi sasa, nimezunguka mashuleni, viwandani, maofisini, na hiyo sentensi nadhani nimeisikia kuliko jina langu. Watu wanavuta sigara, elimu itolewe. Presha zimepanda kwa wafanyakazi, elimu itolewe. Choo kimejaa, elimu itolewe. Choo kimejaa ndugu yangu, unamwelimisha nani, choo?

Kabla hamjanirukia, mi siyo adui wa elimu, nimeitoa sana tu na nitaitoa tena. Ila mwaka 1986 kule Ottawa, Kanada, watu wa fani hii walikutana chini ya Shirika la Afya Duniani wakatoka na hati ambayo mpaka leo ndo msingi wa kazi yetu, na ina maeneo matano: sera zinazojali afya, mazingira yanayombeba mtu, nguvu ya jamii yenyewe, stadi za mtu binafsi, na huduma za afya kugeuzwa ziangalie na kinga. Hiyo elimu mnayoipigia kelele imo humo kwenye la nne. Moja kati ya matano, na hata hapo haiko peke yake. Sisi tumelibeba hilo moja tukaacha manne kwa sababu ndo lina bajeti nyepesi, unachapa vipeperushi, unagawa fulana, unapiga picha ya pamoja, unaandika "walihudhuria 214" na ripoti imekwisha. Hakuna mfadhili anayekuuliza watoto wangapi walinawa mikono mwezi uliofuata. Wanauliza orodha ya mahudhurio imesainiwa?

Tuje kwenye kunawa mikono kwenyewe. Chukua watu wenye elimu kuliko wote duniani kwenye hili jambo, wahudumu wa hospitali. Pale hospitali kuu ya Geneva, Uswisi, daktari Didier Pittet na wenzake walisimama wodini wakahesabu, mwaka 1994 wahudumu walisafisha mikono asilimia 48 tu ya nyakati walizotakiwa. Watu waliosomea vijidudu hao! Wakawekewa dawa ya mikono yenye alkoholi pembeni ya kitanda cha mgonjwa, maana kwenda kwenye sinki, kufungua maji, kusugua, kukausha na kurudi, kwa nesi mwenye wagonjwa wodi nzima hiyo hesabu haitoki hata ufanyeje. Kufika 1997 ilikuwa asilimia 66 na maambukizi ya hospitalini yakashuka. Kulikuwa na mabango ukutani pia, siwezi kuficha, na uongozi ulilisimamia jambo kwelikweli, kwa hiyo atakayekwambia ni chupa peke yake iliyofanya kazi anakudanganya. Ila kipande ninachokipenda mimi ni hiki: manesi na wasaidizi wao walibadilika, madaktari wakabaki karibu palepale. Waliosoma zaidi ndo hao.

Halafu kuna ile ya Bangladesh ambayo vijana wetu wa fani wanaipenda sana kuisambaza. Shule mbili za msingi vijijini, wakajenga sehemu ya kunawia karibu na choo, wakaweka sabuni, wakatengeneza njia ya kutoka chooni hadi kwenye maji na kuichora nyayo, na penye maji wakachora viganja. Hamna hotuba. Watoto waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya choo walitoka asilimia 4 wakafika 68 siku iliyofuata tu, na baada ya wiki sita 74. Nikiionyesha hiyo kwenye kikao watu wanapiga makofi, na mimi miaka ya nyuma nilikuwa naishia hapohapo napokea makofi yangu nakaa.

Sasa naomba niwe mkweli. Zilikuwa shule mbili. Wiki sita. Hamna kundi la ulinganisho, yaani shule nyingine zisizochorwa nyayo za kupimia tofauti. Na baadaye wakafanya jaribio kubwa zaidi hukohuko Bangladesh, safari hii kwa bahati nasibu ya kuamua ni shule gani ipate nini, nyayo zikashindanishwa na elimu, elimu nzito siyo ya kupita siku moja, na baada ya miezi mitano matokeo yalikuwa sawa tu. Sawa kabisa. Siku nilipoisoma nilikaa kimya kidogo maana nilikuwa nshatamba sana na zile nyayo. Ila ukirudi kusoma vizuri unaona kitu, shule zote za lile jaribio, za nyayo na za elimu, zilijengewa sehemu za kunawia. Zote! Kwa hiyo elimu ilifanya kazi, naam, kwa mtoto mwenye maji na sabuni mbele yake. Mtu wa elimu akisoma hapo anasema "umeona?" na mimi nikisoma hapohapo nasema umeona, na nadhani wote tuko sahihi, tofauti ni kwamba yeye anataka kuanza na semina kabla ya bomba na mimi nataka bomba kabla ya semina, na bajeti ikiwa ndogo ndo mnajua anashinda nani.

Haya, maofisini. Hapa ndo presha yangu mwenyewe inapanda.

Kuna kampuni moja iliniita niwasaidie kuandaa programu ya afya kwa wafanyakazi. Nimefika, mlangoni pa lifti kuna bango zuri la rangi, "panda ngazi uimarishe moyo wako". Nikasema sawa, ngoja niuimarishe. Mlango wa ngazi una kufuli. Namuuliza mlinzi, ananiambia ufunguo anao mtu wa usalama na leo hayupo. Nikapanda lifti kwenda kutoa mada ya mazoezi.

Juu kule meneja rasilimali watu ananionyesha slaidi, wafanyakazi waliojiunga na klabu yao ya mazoezi wanaumwa siku chache kuliko ambao hawajajiunga, kwa hiyo klabu inafanya kazi, kwa hiyo tatizo la wale wengine ni uelewa, wapewe elimu wajiunge. Nikamuuliza swali moja tu, waliojiunga ni akina nani? Kimya. Nikaomba orodha. Vijana wa idara za ofisini, wasio na zamu ya usiku, wengi hawana watoto wadogo wa kuwahi kuwachukua saa kumi. Watu wa stoo na usafi ambao ndo presha zao zinatisha hamna hata mmoja. Yaani hiyo klabu ilikusanya watu ambao tayari wana afya halafu ikajisifu kwamba watu wake wana afya! Ni sawa na kusimama mlangoni pa uwanja wa mpira ukasema huu uwanja unafanya watu wapende mpira.

Na hili siyo la kampuni ile tu. Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani mwaka 2016 kiliwachukua wafanyakazi wake karibu 5,000, kikachagua kwa bahati nasibu nani aalikwe kwenye programu ya afya na nani asialikwe. Halafu watafiti wakafanya kitu kitamu sana, wakachambua data zilezile kwa njia mbili. Ukilinganisha walioshiriki na wasioshiriki kama yule meneja wangu, programu inang'aa, gharama za matibabu ziko chini, kila kitu kizuri. Ukilinganisha walioalikwa na wasioalikwa kwa ile bahati nasibu, karibu yote inayeyuka, maana walioshiriki walikuwa tayari na afya na gharama ndogo kabla programu haijaanza. Jaribio lingine la hukohuko Marekani, kampuni yenye maduka makubwa, matawi 160, wafanyakazi kama 33,000, matawi 20 yakapata programu kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18 watu wengi zaidi walisema wanafanya mazoezi na wanaangalia uzito. Walisema. Presha, kolesteroli, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu), gharama, utoro kazini, hakuna tofauti ya kuonekana. Nikadhani labda miezi 18 ni michache, wakafuatilia hadi miaka mitatu, hadithi ileile.

Najua kuna atakayeniletea makondakta wa London. Daktari Jerry Morris mwaka 1953 alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa, wanaopanda na kushuka ngazi siku nzima, walikuwa na magonjwa ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Utafiti mzuri, mpaka leo tunauheshimu. Lakini wanaoutaja huwa hawaendelei na sehemu ya pili, mwaka 1956 Morris na wenzake walienda kuangalia saizi za sare, wakakuta suruali za madereva zina kiuno kipana kuliko za makondakta hata kwa vijana. Kwa hiyo huenda sehemu ya ile tofauti ilikuwepo tangu mtu anaajiriwa, aliyechagua usukani na aliyechagua ngazi hawakuwa sawa toka mwanzo. Mzee alikwenda mwenyewe kutafuta ushahidi wa kujitilia shaka na akauchapisha, ndo maana namvulia kofia. Na hata ukiondoa hilo, sehemu inayobaki haikutoka kwenye mhadhara wowote, kondakta alipanda ngazi kwa sababu tiketi ziko juu.

Kinachofanya kazi kazini kwa nilivyoona ni vitu visivyopendeza kwenye picha: zamu zinazojulikana mapema, mapumziko ya kweli, maji ya kunywa, kufuli kutolewa kwenye ngazi. Na sheria. Ireland ilipiga marufuku kuvuta sigara sehemu za kazi za ndani, mpaka baa, tarehe 29 Machi 2004. Sidhani kama kuna mhudumu wa baa ambaye tarehe 28 alikuwa hajui kwamba moshi ni mbaya.

Sasa kwa nini hatufanyi hivyo? Geoffrey Rose, mtafiti wa magonjwa wa Uingereza, alishalisema miaka ya 1980, kinga inayoleta faida kubwa kwa jamii nzima inampa kila mtu mmojammoja faida ndogo sana, kwa hiyo hakuna anayekuja kukushukuru. Ukipunguza chumvi kidogo kwenye vyakula vya viwandani, kiharusi kinapungua, lakini hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema leo ningepooza. Semina angalau watu wanakupigia makofi.

Msije mkadhani nina majibu yote. Ule mradi wa kupunguza magonjwa ya moyo mkoa wa North Karelia kule Finland, ulioanza 1972 na daktari Pekka Puska, ndo biblia ya watu kama mimi: walishika kila kitu, wakulima, viwanda vya maziwa, akina mama, shule, sigara, na vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka zaidi ya asilimia 80 kwa miongo mitatu na kitu. Naitaja kila mahali. Lakini vifo vilishuka pia mkoa wa jirani waliouweka kama ulinganisho, na Finland nzima, kwa hiyo ni kiasi gani kilitokana na mradi na kiasi gani kilikuwa kinakuja tu, watu wanabishana mpaka leo na mimi mwenyewe sijui nisimame wapi. Ukigusa mazingira yote kwa pamoja huwezi tena kusema ni kipi kilifanya kazi, na ukigusa kimoja kwa usahihi wa kitafiti mara nyingi hakitoshi. Hiyo inaninyima usingizi kuliko "elimu itolewe", ila haifai kusemwa kwenye kikao.

Kuhusu ile shule, barua imefika jana. Nimeombwa kutoa mada, "Umuhimu wa Kunawa Mikono", dakika 45, vipeperushi vitakuwepo. Nimekubali. Nimenunua na koki ya nusu inchi, nitaenda na spana kwenye begi, nitaifunga kabla sijaanza kuongea. Lakini najua itakaa miezi miwili mitatu itavunjika tena, kwa sababu pale shuleni hamna mtu ambaye kazi yake ni koki, wala hamna fungu la koki, na ndo kitu nilichotaka tukiongelee zile saa tatu zote.