Kabla Hujapandisha Kipimo cha Kusoma Mbele: Maelezo kwa Watumiaji wa Seva za Linux

Malalamiko yanayofika kitengo chetu cha mifumo siku hizi yanafanana sana: faili kubwa zinasomwa polepole, na mlalamikaji ameshapandisha kipimo cha kusoma mbele (read_ahead_kb), yaani kiasi cha data ya faili kinacholetwa kabla ya kuombwa, hadi megabaiti kadhaa bila kuona nafuu. Wengine wanahitimisha kwamba kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ni mbovu. Tunashukuru kuarifiwa. Lakini kabla ya kuilaumu kerneli, ni vema kujua inachofanya.

Programu inaposoma faili kwa mfululizo, kerneli ya Linux huligundua hilo na kuitangulia, ikileta data kwenye kashe ya kurasa (sehemu ya kumbukumbu inayotunza data ya faili kwa vipande viitwavyo kurasa) kabla haijaombwa. Dirisha la usomaji huo, yaani kiasi kinacholetwa kwa mara moja, huanza dogo, kisha hukua haraka hadi kufikia kikomo, ambacho kwa kawaida ni kilobaiti 128, yaani kurasa 32 za kilobaiti 4. Katika data iliyotangulizwa, ukurasa mmoja hutiwa alama. Msomaji akiufikia, ombi la dirisha linalofuata hutumwa papo hapo, naye bado hajamaliza yaliyokwisha kuletwa. Hivyo diski inafanya kazi huku programu nayo inafanya yake. Utaratibu huu ni kazi ya Fengguang Wu, na uliingia katika toleo la 2.6.23 mwaka 2007.

Faida yake inahesabika. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja. Faili ya gigabaiti 1 ina kurasa 262,144. Kama kila ukurasa ungegharimu mzunguko mzima, ungesubiri zaidi ya dakika 36. Kwa maombi ya kilobaiti 128, maombi yanakuwa 8,192, na hata yakipoteza mzunguko mmoja kila moja, ni sekunde 68 hivi.

Kutokana na hesabu hiyo wengi huruka na kusema: basi tuweke megabaiti 16. Sivyo! Data iliyoletwa bila kusomwa imekula kumbukumbu bure na imefukuza kurasa ambazo programu nyingine zilikuwa zikizihitaji. Kumbukumbu ikibana, kurasa zilizotangulizwa huondolewa kabla msomaji hajazifikia, kisha diski inazisoma upya. Hifadhidata inayosoma faili kupitia mmap, yaani kana kwamba faili ni sehemu ya kumbukumbu yake, huumia zaidi, kwa sababu kila inapogusa ukurasa usiokuwa kwenye kashe, kerneli inaweza kuleta dirisha zima kuuzunguka. Dirisha kubwa lina mahali pake, hasa kwenye diski kadhaa zilizounganishwa kwa RAID ili zitumike kama moja, ambako dogo huacha baadhi ya diski zikikaa bila kazi.

Sasa utaratibu wa kupima, na tunaomba ufuatwe kama ulivyo. Amri ya sync itangulie, ili data iliyobadilishwa iandikwe diskini. Kisha, ukiwa na mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine), safisha kashe kwa kuandika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches. Soma faili, rekodi muda. Badilisha read_ahead_kb iliyo chini ya /sys/block, ndani ya saraka ya queue ya diski husika. Safisha kashe tena, pima tena, angalau mara tatu kwa kila kipimo. Anayepima mara ya pili bila kusafisha kashe anapima kasi ya kumbukumbu, si ya diski. Hili tumelieleza mara nyingi mno, na bado ripoti za namna hiyo zinaletwa.

Wanaobadilisha kipimo kwa blockdev --setra wakumbuke kwamba amri hiyo huhesabu sekta za baiti 512. Kilobaiti 128 ni sekta 256. Ukiandika 128 ukidhani ni kilobaiti, umelipunguza dirisha kwa nusu. Vilevile, mabadiliko haya hupotea mashine ikiwashwa upya, mpaka yawekwe kwenye kanuni ya udev, huduma inayosimamia vifaa vya mashine.

Ombi la msaada lisilo na toleo la kerneli, kipimo cha awali na matokeo ya kabla na baada hurudishwa bila kuchunguzwa. Kwenye seva ya pamoja, kipimo kilichobadilishwa bila idhini kitarejeshwa, na mamlaka ya root ya mhusika yatasitishwa hadi atoe maelezo ya maandishi.

Waandishi wa programu wana njia iliyo bora kuliko kugusa mashine nzima. Wito wa posix_fadvise, ambao programu huutumia kuiambia kerneli jinsi itakavyosoma faili, ukiwa na POSIX_FADV_SEQUENTIAL (kusoma kwa mfululizo) huongeza dirisha maradufu kwa faili hiyo iliyofunguliwa tu, bila kuwagusa wengine. Na ikiwa programu yako inafungua faili kwa O_DIRECT, inaipita kashe ya kurasa kabisa. Hapo read_ahead_kb haitasaidia kwa kipimo chochote. Programu yenyewe ndiyo inayopaswa kutuma maombi makubwa, na kadhaa kwa wakati mmoja.