Je, wajua kwa nini saratani ya kibofu wakati mwingine humlazimu daktari kuondoa kibofu kizima?

Katika vijiji vya bara ya Malindi, penye mabwawa na vidimbwi ambamo watoto huogelea na wanawake hufua, mvulana akikojoa damu wazee hawashtuki sana, kwa kuwa kichocho wanakijua tangu zamani. Mazoea hayo yananitia wasiwasi mkubwa. Dalili ya kwanza ya saratani ya kibofu cha mkojo ni damu hiyohiyo, mara nyingi bila maumivu yoyote, na mtu mzima anayeiona hujiambia kwamba ni kichocho cha utotoni kimemrudia, akangoja.

Magonjwa haya mawili yana uhusiano wa kweli. Kichocho huletwa na mnyoo uliotambuliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Kairo mwaka 1851. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wanaoishi katika maji yasiyo na chumvi, ndiyo maana anayeoga baharini haupati huko, kisha hupenya ngozi ya aliyeingia majini. Minyoo ikishapevuka huhamia katika vena zinazozunguka kibofu, na jike hutaga humo mayai yenye mwiba mdogo nchani. Baadhi ya mayai hutoka na mkojo. Mengine hunasa katika ukuta wa kibofu, na hayo ndiyo yenye madhara ya kudumu. Mwili hupambana nayo kwa miaka mingi, ukuta ukajaa makovu na chokaa, na utando wa ndani, ambao kwa asili una seli zinazotanuka kibofu kinapojaa, hugeuka taratibu ukawa wa seli bapa zinazofanana na za ngozi. Seli zinazojikarabati bila kupumzika hukosea katika kunakili vinasaba vyao, na makosa yakirundikana saratani huanza. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka mnyoo huu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Nchini Misri, saratani ya seli bapa ndiyo iliyotawala kwa miongo mingi; kichocho kilipodhibitiwa ilipungua, ikatanguliwa na saratani ya seli za utando wa kawaida, ambayo kisababishi chake kikuu duniani ni sigara. Kwa hiyo hata asiyewahi kukanyaga bwawa hayuko salama ikiwa anavuta.

Mgonjwa akifika hospitalini, daktari humpitishia kamera nyembamba katika njia ya mkojo, na akiuona uvimbe huukwangua kwa kitanzi cha waya chenye umeme. Vipande hivyo huwekwa katika formalini, dawa ya kuvihifadhi visioze, hugandishwa katika nta, hukatwa kwa unene mdogo kuliko unywele, kisha hupakwa rangi ya zambarau na ya waridi ili vichunguzwe kwa hadubini. Mtaalamu wa patholojia hutazama aina ya seli, lakini swali linaloamua hatima ya mgonjwa ni jingine: je, saratani imeingia katika msuli wa kibofu? Kipande kisichokuwa na msuli ndani yake hakiwezi kulijibu, na huenda mgonjwa akalazimika kurudi kukwanguliwa tena.

Saratani ya seli za utando wa kawaida ikiwa bado haijafika msulini, kibofu huweza kuokolewa. Uvimbe ukishakwanguliwa, wagonjwa wengi hutiwa ndani ya kibofu dawa ya BCG, iliyo chanjo ileile ya kifua kikuu wanayodungwa watoto wachanga, ili kuamsha kinga ya mwili. Tiba hiyo ilielezwa na Alvaro Morales wa Kanada mwaka 1976. Saratani ikishaingia katika msuli, hali hubadilika, kwa kuwa imekaribia mishipa ya damu na ya limfu inayoweza kuisafirisha hadi kwenye mapafu, ini au mifupa. Isitoshe, utando wote umeathiriwa kwa miaka na madhara yaleyale, hivyo kukata uvimbe peke yake huacha nyuma sehemu ambazo huenda nazo zimeanza kuharibika. Saratani ya seli bapa mara nyingi hugunduliwa ikiwa tayari imefika msulini, na dawa za kemikali haziiwezi vizuri. Upasuaji ndio tegemeo. Kwa mwanamume, kibofu huondolewa pamoja na tezi dume. Kwa mwanamke, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Na tezi za limfu za nyonga huondolewa pia.

Mkojo nao lazima upate pa kupitia. Njia iliyoenezwa na Eugene Bricker wa Marekani mwaka 1950 ingali inatumika sana: kipande cha utumbo mwembamba, sentimita 15 hadi 20 hivi, huunganishwa na mirija ya figo na kutolewa kwenye tundu tumboni, ambapo hubandikwa mfuko. Wagonjwa wengine hushonewa kibofu kipya cha utumbo, nao hujifunza upya kukojoa kwa kubana tumbo.

Waislamu wengi wa pwani yetu huogopa kwamba mfuko huo utawazuia kuswali. Fiqhi, yaani sheria ya dini, ya madhehebu ya Kishafii ina hukumu ya mtu asiyeweza kuuzuia mkojo: hujisafisha, hutawadha baada ya wakati wa faradhi kuingia, na huswali hata ukiendelea kumtoka. Daktari au muuguzi anayelijua hilo na alitaje kabla ya mgonjwa kutia saini ya upasuaji, kwa kuwa wapo wanaokataa kwa hofu hiyo tu.