Mwenye video anajua ni wewe uliyeitazama?

Hapa Kampala wengi tunaamini ukitazama video ya biashara mtandaoni, mwenye biashara anapata jina na namba yako hapo hapo, hadi kuna watu wanaogopa kubonyeza. Imani hii ina chanzo, maana status ya WhatsApp kwa kawaida inamwonyesha mwenyewe nani kaiangalia, basi mtu anadhani video zote ziko hivyo.

Ila muuza vitenge wa Kikuubo akiweka video ya wazi YouTube anaona jumla tu, imetazamwa mara ngapi, dakika ngapi, watu wako nchi gani. Jina lako halioni, labda uandike komenti.

Mambo yanabadilika video ikiwekewa mlango, yani kabla haijacheza inatokea fomu, jina, imeili, namba ya simu, ukijaza umejitambulisha mwenyewe, na wakikutumia namba za uthibitisho kwa simu ndio wanahakikisha namba ni yako kweli. Tena linki uliyotumiwa wewe peke yako inaweza kukutaja hata bila fomu, cheki mwisho wake kama kuna mkia mrefu wa herufi na namba baada ya alama ya kuuliza.

Kujaribu ni rahisi, video itafute mwenyewe bila ile linki, uifungue kwenye dirisha la faragha la brauza (incognito): ikicheza bila kukuuliza kitu, haina mlango. Na kama ulishajaza fomu, sheria ya Uganda ya 2019 ya kulinda data inakupa haki ya kuwauliza wana taarifa gani zako na za kazi gani.