Dabo poli si tuwei

Kuna neno la mafundi umeme, dabo poli, ambalo hapa Kigoma linatumiwa ovyo mpaka linachosha. Mtu anaingia duka la vifaa vya umeme pale Mwanga na kuomba "swichi ya mbili, ya hita". Muuzaji anamtolea swichi ya taa ya tuwei, mteja analipa, anaondoka, na hakuna aliyeuliza hiyo mbili ni mbili ya nini.

Dabo poli ni swichi inayokata nyaya mbili kwa mpigo mmoja: laini, yaani waya wenye moto, na nyutro, yaani waya ambao umeme unarudi nao. Swichi ya kawaida ya taa ni ya poli moja. Yenyewe inakata laini tu, nyutro inaenda moja kwa moja hadi kwenye taa bila kupita kwenye kitufe. Maana yake ni hiyo tu, na aliyekuja kwa ajili ya maana anaweza kuendelea na shughuli zake. Kilichobaki ni ugomvi wangu na hiyo "mbili".

Dukani kuna mbili za aina tatu, na hazina undugu wowote. Ya kwanza ni gengi. Gengi inahesabu vitufe. Gengi mbili ni vitufe viwili kwenye kava moja, kila kitufe na taa yake, labda sebule na baraza. Ya pili ni wei, ambayo inahesabu njia za umeme kutoka ndani ya swichi. Tuwei ndiyo ya ngazi na korido ndefu, unawasha ukiwa mwisho huu na kuzima ukiwa mwisho ule. Ukiigeuza utaona skrubu tatu: COM, L1 na L2. Umeme unaingia COM, kisha kitufe kinaupeleka ama L1 ama L2, kama reli za stesheni pale behewa linapobadilishiwa njia. Angalia vizuri hapo: tuwei haina hali yake ya "kuzima". Kila wakati imeungana na upande mmoja. Inachagua njia, na kama inakata ni kwa sababu tu ule upande wa pili hukuufunga waya.

Ya tatu ndiyo poli, nayo inahesabu nyaya zinazokatwa. Nyuma ya dabo poli kuna skrubu nne za kazi: laini na nyutro zinazoingia, laini na nyutro zinazotoka kwenda kwenye hita. Pembeni au kwenye boksi kuna ya ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja.

Sasa chukua pakiti ya swichi ya taa iliyo ya kawaida kabisa madukani: gengi mbili, tuwei. Hapo una mbili mara mbili, na bado kila kitufe ni cha poli moja. Ndiyo maana kuomba "swichi ya mbili" hakumsaidii muuzaji. Na wapo wanaoitafsiri dabo poli kuwa "swichi ya nguzo mbili", wakifikiria zile nguzo za mtaani zinazobeba nyaya. Hapana. Poli hii ni ndugu wa ncha ya kaskazini na ncha za betri. Imetoka Kigiriki ikapitia Kilatini, wakati poli ya mti ina asili nyingine kabisa. Kiingereza ndicho kilichoziandika sawa kikatuachia sisi mkanganyiko.

Nikieleza hivi huwa naulizwa: nyutro si haina moto, ya nini kuikata? Nyutro haina moto pale kila kitu kikiwa sawa. Imefungwa ardhini kule kwenye transfoma, ndiyo maana ukiipima hukuti kitu. Lakini yapo mambo mawili yanayoigeuza. Moja ni laini na nyutro kupishana mahali fulani kabla ya swichi yako, labda siku nyaya ziliporudishwa baada ya matengenezo, labda tangu nyumba ilipofungwa waya. La pili ni nyutro kukatika kati ya nyumba na nguzo. Ikikatika huko, umeme unapita kwenye taa au friji yoyote iliyowashwa, unakosa njia ya kurudi, na nyutro yote ya ndani ya nyumba inakuwa na moto. Waya mweusi wa nyutro uliokuwa ukiudharau jana leo una volti 230.

Weka hilo kwenye hita ya maji. Swichi ni ya poli moja, nyaya zimepishana, kitufe kimezimwa. Maji ni ya baridi, hakuna kinachounguruma, kila dalili inasema hakuna umeme. Kumbe kilichokatwa ni nyutro, na laini imeshafika ndani ya hita, kwenye elementi, kile kipande kinachopasha joto, iliyozungukwa na maji. Fundi bomba anakuja kubadilisha elementi akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Kwa taa ya darini hatari ipo pia, ila ni ya anayebadilisha balbu na kugusa holda. Kwa hita, anayeguswa ni kila anayeoga. Hiyo ndiyo sababu ya dabo poli, na hakuna tuwei duniani inayofanya kazi hiyo.

Halafu kuna ampia, kipimo cha wingi wa umeme unaopita, ambazo watu hawazisomi ingawa zimegandamizwa nyuma ya swichi. Taa ya LED ya wati 9 haivuti hata ampia 0.05. Hita ya tangi ya wati 3,000 kwa volti 230 inavuta kama ampia 13, kwa hiyo dabo poli ya ampia 20 inaiweza. Shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo, ya wati 5,500, inavuta karibu ampia 24, na hapo hiyo ya 20 haitoshi. Inatakiwa ya 32 au ile kubwa ya 45 ambayo wengi wanaijua kama swichi ya jiko. Mjini hapa joto la ziwa linatutosha wengi, hita utazikuta zaidi kwenye gesti na nyumba mpya. Ukipanda Kasulu au Manyovu, asubuhi ya Julai itakueleza kwa nini watu wananunua shawa. Na huko ndiko nilikoona shawa ya ampia 24 imefungwa kwenye swichi ya taa ya ampia 10, kwa waya wa milimita 1.5 ulioachwa na taa. Waya huo ni wa taa. Tangi linataka 2.5 kwa uchache, shawa inataka 4 na mara nyingi 6. Na breka, ile inayoruka umeme ukizidi, inawekwa kulingana na waya. Ikiwa inaruka kila mtu akioga, kuweka breka kubwa zaidi ni kuuruhusu waya uungue ukutani kimyakimya.

Swichi iliyozidiwa ukiifungua utaijua. Plastiki imegeuka kahawia kuzunguka skrubu moja, mara nyingi moja tu, na shaba ya waya hapo imekuwa nyeusi na maganda yake yamekakamaa, ukiyapinda yanakatika. Skrubu moja tu maana yake ilikuwa imelegea; palipolegea pana joto. Ukiweka swichi mpya juu ya shaba ile nyeusi umenunua tatizo lile lile kwa mara ya pili. Waya unakatwa mpaka shaba inayong'aa, unafungwa, kisha unavutwa kwa mkono kuhakikisha hautoki. Kama ukishakatwa haufiki tena kwenye skrubu, usiuvute kwa nguvu; hiyo ni kazi ya fundi.

Tukifika kwenye kubadilisha, neno jingine linaanza kunikera, nalo ni "nimezima". Kijana ameshika bisibisi, ukimuuliza anajibu, "Mzee, si nimezima?" Amezima nini? Akizima kitufe cha taa, waya unaoingia kwenye hicho hicho kitufe bado una moto, na ndio anaokwenda kuugusa. Akizima breka ya chumba, ni afadhali, ila breka nyingi ndogo ni za poli moja, nyutro bado imeungana na nyumba nzima. Utaliona hili kwenye nyumba yenye RCD, kile kifaa kinachoruka umeme ukivuja, kwa kawaida kuanzia miliampia 30: breka ya hita imezimwa, fundi anagusisha nyutro na ethi, na RCD inaruka. Isingeruka kama nyutro ingekuwa imetengwa. Kinachokata vyote kwenye nyumba nyingi za fezi moja (zenye laini moja tu) ni meni swichi, ile swichi kuu, ambayo ni dabo poli. Kwa hiyo wengi wanaobishana nami kuhusu dabo poli wanayo tayari ukutani.

Wengine hawazimi hata hicho kitufe. Wanangoja umeme ukatike. Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla gridi ya taifa haijafika, na tabia ya kufanya kazi za umeme wakati wa giza tuliibeba kutoka huko. Umeme uliokatika haujakatwa na mtu wa nyumba hii, na utarudi bila kukuuliza. LUKU nayo ni vivyo hivyo. Yuniti zimeisha, nyumba imezima, baba anaona ndiyo nafasi ya kubadilisha swichi, kumbe mama amenunua umeme kwa simu na mtoto yuko sebuleni anaingiza tarakimu kwenye kidude cha LUKU. Kama kuna sola yenye inveta au jenereta, hivyo navyo vinazimwa, kwa sababu meni swichi huenda isivihusu.

Basi kwa anayeanza, swichi ya taa inakwenda hivi. Zima meni, funga mlango wa kile kisanduku au mwambie kila mtu aliye nyumbani, kisha pima. Testa ya bisibisi kwanza iguse mahali unapojua pana moto kabla hujazima, uone inawaka. Baada ya kuzima gusa kila waya kwenye swichi. Umalize kwa kuijaribu tena mahali penye moto, kwa mfano soketi ya nyumba ya jirani, maana kwako meni imezimwa. Kitaa cha testa hiyo kinawaka kwa umeme kidogo unaopita mwilini mwako kwenda ardhini, kwa hiyo ukisimama juu ya stuli ya mbao na raba nene inaweza isiwake ingawa moto upo. Mita yenye nyaya mbili ni bora zaidi. Piga picha ya nyaya kabla ya kulegeza skrubu. Poli moja kwa poli moja, ampia zile zile au zaidi, waya wa COM urudi COM. Ethi ya kijani, au kijani na njano, usiikate hata kama swichi mpya ni ya plastiki. Ifunge kwenye boksi la chuma.

Rangi zisikuhadae. Nyumba nyingi zina laini nyekundu na nyutro nyeusi, mpya zina kahawia na bluu, lakini ndani ya boksi la swichi ya taa ule mweusi mara nyingi si nyutro hata kidogo. Ni laini inayorudi kwenda kwenye taa, na taa ikiwashwa una moto sawasawa na mwekundu. Wapo waliouona mweusi wakauita nyutro, wakaufunga pamoja na nyutro nyingine. Ukibonyeza hapo ni shoti, na breka ikikuokoa ushukuru.

Swichi ya hita sikufundishi hapa. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, ila sasa unajua cha kumkagua: skrubu nne na si tatu, ampia zinazolingana na wati za hita, waya wa kutosha, ethi imefungwa.

Na kuna wale wema wanaonifuata na kusema dabo poli yao ina kitaa chekundu, na kwamba kikizimika basi umeme haupo. Kitaa hicho kikiwaka kinakuambia umeme unapita kwenye swichi kuelekea kwenye hita, na kwa hilo kina faida yake. Kikizimika huenda umeme bado unapita na chenyewe ndicho kimeungua, au nyutro imekatika na laini bado ipo. Kitumie kukukumbusha kuzima hita ukimaliza kuoga, na kwenye kupima tumia testa.