Kijana anajua mazingira, lakini je, anajua cha kununua?

Ninapokutana na kundi jipya la vijana huwa nawaandikia ubaoni mambo matano ambayo mnunuzi wa chakula anaweza kuyabadilisha: kukwepa vifungashio vya plastiki, kununua kilichozalishwa karibu, kuchagua mazao ya kilimo hai, kupunguza nyama ya ng'ombe, na kununua kiasi kitakacholiwa chote. Nawaomba wayapange kwa uzito wake katika mabadiliko ya tabianchi. Karibu kila mara plastiki hukaa juu na umbali huifuata. Nyama na chakula kinachotupwa huburuza mkia.

Vijana hawa si mbumbumbu wa mazingira. Watakueleza kwa nini barafu ya ncha za dunia inayeyuka, msitu unafanya kazi gani, na gesi joto zinavyozuia joto lisitoke kwenye angahewa. Wanajali kwelikweli, na wengi wangependa pesa yao, hata ikiwa kidogo, isiharibu kitu. Tatizo ni kwamba maarifa waliyopewa yanaishia mlangoni mwa duka. Kazi yangu ni elimu ya mlaji, na kadiri ninavyoendelea nayo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali la kuuliza ni kijana anajua nini hasa. Anajua kiasi gani ni swali la baadaye.

Mwaka 2004 watafiti Jacqueline Frick, Florian Kaiser na Mark Wilson waligawa maarifa ya mazingira katika mafungu matatu, na mgawanyo huo umenisaidia kuliko nadharia nyingi ndefu. Fungu la kwanza ni kujua mfumo unavyofanya kazi: hewa, maji, udongo, viumbe. La pili ni kujua la kufanya. La tatu ni kujua lipi kati ya yanayoweza kufanywa lina matokeo makubwa kuliko mengine. Walipolinganisha maarifa hayo na mwenendo wa watu, waliona mafungu mawili ya mwisho ndiyo yanayogusa mwenendo moja kwa moja. La kwanza hulazimika kupitia kwa hayo mawili.

Sasa angalia tunachowapa vijana. Masomo ya shule, mabango, makala na hotuba, karibu vyote vimejaa fungu la kwanza. La pili tunaligusa kwa kaulimbiu. La tatu, lile la namba na ulinganisho, tunawaachia wataalamu, kana kwamba kijana wa miaka 17 hawezi kusoma chati. Anaweza, na ukimpa chati nzuri hatakuachia mpaka amemaliza maswali yake.

Chati ninayoitumia mimi hutoka kwenye kazi ya Joseph Poore na Thomas Nemecek, iliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science. Walikusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Waligundua kwamba chakula kinabeba karibu asilimia 26 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Ndani ya fungu hilo la chakula, usafirishaji unachukua takriban asilimia 6 tu, na vifungashio karibu asilimia 5. Sehemu kubwa kabisa iko shambani, kwenye mifugo na kwenye ardhi iliyofyekwa. Gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe wa nyama hugharimu, kwa wastani wa dunia, karibu kilo 50 za gesi joto zikipimwa kwa uzito wa kaboni dioksidi. Kiasi hichohicho cha protini kutoka kwa kuku ni chini ya kilo 6. Kutoka kwenye njegere ni chini ya nusu kilo.

Hapa ndipo darasa hunyamaza, na hapa ndipo fungu la kwanza la maarifa linapopata kazi yake. Namba peke yake husahaulika. Lakini ukieleza kwamba ng'ombe ni mnyama anayecheua, kwamba vijidudu vilivyomo tumboni mwake huzalisha methani, ambayo ni gesi joto kali, wakati vinamsagia majani, kwamba anakula kwa miaka kadhaa kabla ya kuchinjwa wakati kuku anakua kwa wiki chache, na kwamba malisho yake mara nyingi yamechukua nafasi ya msitu, kijana anapata kitu cha kushikilia. Njegere na maharage, kinyume chake, hushirikiana na bakteria wa mizizini kuvuta nitrojeni hewani, kwa hiyo huhitaji mbolea ya viwandani kidogo. Akielewa sababu anaweza kukisia bidhaa ambayo hajawahi kuiona kwenye chati yoyote. Hayo ndiyo maarifa ninayoyataka: yanayomwezesha kukisia vizuri akiwa peke yake mbele ya rafu, ambako uamuzi huchukua sekunde chache.

Lazima niseme pia wastani unaficha nini, maana vijana wenye akili hulifikia swali hilo haraka. Mazao yaliyosafirishwa kwa ndege yana mzigo mkubwa, na hayo hasa ni yale laini yanayooza upesi. Mengi ya yanayotoka mbali husafiri kwa meli, ambayo mzigo wake kwa kilo ni mdogo. Nyanya iliyolimwa karibu ndani ya nyumba ya kioo inayopashwa joto kwa gesi inaweza kumzidi mwenzake aliyetoka mbali lakini akakua kwa jua. Mfugaji mmoja hatofautiani kidogo na mwingine. Mzigo wa mmoja unaweza kuwa mkubwa mara kadhaa kuliko wa mwenzake. Kilimo hai kinasaidia udongo na kupunguza viuatilifu, ila mavuno yake kwa eneo huwa madogo, kwa hiyo kwa upande wa gesi joto pekee hakuna ushindi wa wazi. Na plastiki ni janga la kweli baharini na mitoni. Simwambii kijana aipuuze. Namwambia ni tatizo lingine, lenye njia yake, na kwamba kifungashio kinachozuia chakula kisioze wakati mwingine huokoa zaidi ya kinachoharibu.

Je, maarifa ya namna hii yanabadilisha ununuzi? Nina sababu nzuri ya kusema ndiyo, kwa kiasi. Andrew Jalil na wenzake waliwagawa wanafunzi wa chuo kimoja huko Los Angeles kwa bahati nasibu: baadhi wakasikiliza mhadhara wa dakika 50 kuhusu nyama, tabianchi na afya, wengine wakapewa mada nyingine. Kisha watafiti hawakuwauliza wamekula nini. Walisoma rekodi za manunuzi yao halisi kwenye mkahawa wa chuo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, uwezekano wa kununua chakula chenye nyama ulishuka kwa karibu pointi 5 za asilimia, na ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha badiliko hilo halikufutika kwa miaka 3. Pointi 5 si mapinduzi. Lakini ni somo moja, lisiloongezewa chochote, na mimi naona ni malipo makubwa kwa saa moja.

Hata hivyo kuna ukuta. Utafiti wa Iris Vermeir na Wim Verbeke wa mwaka 2006, uliohusisha vijana 456 nchini Ubelgiji, ulionyesha wazi kwamba kijana anaweza kukipenda chakula kinachotunza mazingira na bado asikusudie kukinunua. Kilichosukuma kusudio ni pamoja na kuona kwamba bidhaa inapatikana na kuamini kwamba uamuzi wake una athari. Icek Ajzen alishalieleza jambo hili kwa ujumla mwaka 1991: msimamo wa mtu ni mguu mmoja tu wa kusudio, mingine ni macho ya watu anaowajali na imani yake kwamba analiweza jambo. Kwa kijana, miguu hiyo miwili ya mwisho ndiyo dhaifu. Pesa si yake, au ni kidogo. Muda wa chakula ni mfupi. Marafiki wanatazama.

Kuhusu marafiki, kuna jaribio ninalolirudia kila ninapoongea na walimu. Gregg Sparkman na Gregory Walton, katika kazi ya mwaka 2017, waliwapa wateja waliokuwa kwenye foleni ya mkahawa wa chuo maelezo mafupi. Baadhi waliambiwa sehemu fulani ya watu hupunguza nyama. Wengine waliambiwa watu wameanza kupunguza. Walioambiwa habari ya badiliko linaloendelea waliagiza mlo usio na nyama kwa asilimia 34, mara mbili ya wale wa maelezo ya kwanza, ambao walikuwa asilimia 17. Kijana hataki kuwa wa peke yake, lakini hana shida kuwa miongoni mwa wanaoanza. Kwa hiyo mwalimu anayelalamika mbele ya darasa kwamba "hakuna anayejali" anafundisha kitu asichokikusudia.

Upatikanaji una nguvu kuliko sisi wataalamu wa elimu tunavyopenda kukiri. Emma Garnett na wenzake walichambua milo zaidi ya 94,000 katika mikahawa ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Pale sehemu ya milo isiyo na nyama ilipoongezwa kutoka robo hadi nusu ya vilivyopo, mauzo yake yalipanda kwa asilimia 41 hadi 79, na ongezeko kubwa zaidi lilionekana kwa waliokuwa wakiichagua mara chache kabisa. Hakuna aliyehutubiwa. Simaanishi elimu haina kazi. Kijana mwenye maarifa ya fungu la tatu ndiye anayejua kumwomba msimamizi wa mkahawa wa shule aongeze mlo gani, na kwa hoja ipi.

Kuhusu lebo za kaboni, yaani zile zinazomwonyesha mnunuzi mzigo wa gesi joto wa bidhaa, nitasema machache: zinasaidia zikiwa rahisi kusoma. Watu wengi hukadiria mzigo wa chakula chini mno, kama Adrian Camilleri na wenzake walivyoonyesha mwaka 2019, na lebo inayoeleweka hurekebisha makadirio hayo. Maneno matupu kama "rafiki wa mazingira" ni jambo lingine. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria, inayoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, ya kupiga marufuku madai ya jumla ya aina hiyo yasiyo na ushahidi unaotambuliwa. Nimefurahi. Kijana anayejali ndiye windo rahisi la maneno hayo.

Kuna njia moja ya kufundisha ambayo ningeomba tuiache: hofu. Mwaka 2021 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha uchunguzi wa vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 kutoka nchi 10. Asilimia 59 walikuwa na wasiwasi mkubwa au mkubwa kupindukia kuhusu tabianchi. Hofu wanayo tayari. Ukimwongezea bila kumpa la kufanya lenye uzito, atatafuta kitu kidogo cha kumtuliza, na mara nyingi kitakuwa mrija au mfuko, au ataacha kusikiliza kabisa. Imani kwamba tendo lake lina athari, ileile iliyoonekana Ubelgiji, haijengwi kwa picha za maafa.

Ninaanzia kwenye chakula kinachotupwa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inaeleza kwamba tani bilioni 1.05 za chakula zilipotea mwaka 2022 katika maduka, migahawa na nyumba, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Hapa kijana hahitaji pesa zaidi wala ruhusa ya kubadilisha mlo wa familia, na hapa anaweza kuona matokeo kwa macho yake ndani ya wiki.

Pia anaweza kuyapeleka maarifa kwa anayeshika pesa. Danielle Lawson na wenzake walionyesha mwaka 2019, kule North Carolina nchini Marekani, kwamba wazazi ambao watoto wao walifundishwa kuhusu tabianchi walianza kujali zaidi, na mabinti ndio waliofanikiwa zaidi kuwashawishi. Ndiyo maana kazi ya nyumbani ninayowapa vijana siku hizi si insha. Wanakaa na anayefanya manunuzi nyumbani, wanaandika pamoja orodha ya wiki, kisha wanakiwekea alama kitu kimoja tu cha kubadilisha na kuandika kwa nini wamekichagua hicho. Wachache hurudi na alama kwenye nyama. Wengi hurudi na alama kwenye kitu kilichokuwa kikinunuliwa kwa wingi na kuoza, kwa sababu hapo mzazi na mtoto hukubaliana upesi, na wiki inayofuata orodha huwa na nafasi ya alama ya pili.