Hotuba ya Novemba 1978 haikuamsha taifa

Kila ikikaribia Novemba, kile kipande cha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita na Uganda huanza kuzunguka kwenye simu za watu, na maoni chini yake ni yale yale: hotuba moja tu, nchi nzima ikasimama, siku hizi uzalendo umekufa. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote kwa mkupuo.

Idi Amin, rais wa Uganda, alitangaza tarehe 1 Novemba 1978 kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda. Siku ya pili yake Mwalimu akataja uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Maneno makali, hilo halina ubishi. Lakini kama redio ingetosha, Amin asingeng'oka madarakani, maana naye alihutubia bila kuchoka, hata akapendekeza ugomvi umalizwe kwa ngumi ulingoni. Tofauti ni kwamba Mtanzania aliyeambiwa "nia tunayo" alikuwa anajua kesho yake aende kwa nani: kwa balozi wa nyumba kumi.

Huko ndiko misingi ya taifa ilikokuwa inakaa, kwenye vyombo vya chama na jeshi. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakazimwa na Waingereza walioitwa na serikali iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Aibu ile ilizaa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, Septemba 1 mwaka huo huo: jeshi jipya, vijana wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, na baadaye makamisaa wa siasa ndani ya vikosi. JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ilikuwepo tangu 1963. Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa 1971, ambao watu hupenda kuutaja bila kuufungua. Ufungue. Unaanza na hatari: Wareno wameivamia Guinea Novemba 1970, Amin amempindua Rais Obote wa Uganda Januari 1971. Hitimisho lake ni kwamba ulinzi ni kazi ya wananchi wote, kwa hiyo wafundishwe mgambo. Miaka saba kabla ya Kagera! Vita ilipofika, wakuu wa mikoa hawakuanza kubuni utaratibu. Waliwaita watu ambao wengi wao walishashika silaha mazoezini. Jeshi likapanda kutoka chini ya 40,000 hadi zaidi ya 100,000 kwa miezi michache. Michango ya ng'ombe, chakula na fedha ilipita ngazi zile zile za chama.

Mwongozo huo huo una kifungu cha 15 kinachomkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikishika wakagoma nacho viwandani. Nakitaja kwa sababu msingi ambao mwananchi hawezi kumgeuzia mkubwa wake, vitani hautamsukuma. Ataona ni tangazo tu.

Sasa niende kwenye linaloniudhi zaidi: kuchanganya misingi na hasira. Hasira haihitaji itikadi. Ukichomewa nyumba Kyaka, huko Kagera, utapata ya kukutosha. Kazi ya msingi ni kukuambia usimchukie nani. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilisema: "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." Watoto waliiimba shuleni mpaka ikawachosha. Lakini tazama ilivyofanya kazi. Adui alitajwa kwa jina, Idi Amin, wala hakuitwa "Waganda". Waganda waliomkimbia walikuwa wamehifadhiwa nchini tangu 1971. Machi 1979 makundi yao yakakutana Moshi na kuunda UNLF, umoja wao wa ukombozi, na wapiganaji wao wakaingia Kampala mwezi uliofuata pamoja na JWTZ. Vita ya kabila kwa kabila isingeweza kufanya hivyo, kwa sababu usingempata wa kumkabidhi mji.

Tafadhali msinigeuzie hili kuwa ngano. Januari 1979 askari wetu walipoiteka Mutukula, upande wa Uganda mpakani, mji ulisawazishwa na raia wakauawa, kisasi cha yaliyotokea Kagera. Mwalimu aliposikia aliamuru raia na mali zao wasiguswe. Masaka nayo, ndani zaidi ya Uganda, mwezi uliofuata, majengo mengi yaliishia kuwa vifusi. Ahadi ile ile, jeshi lile lile. Kwa hiyo anayesema itikadi ilimfanya askari wetu kuwa malaika hajasoma. Ilichofanya ni kumpa amiri jeshi neno la kumrudishia askari, neno ambalo askari alishalikariri. Amin hakuwa nalo.

Mashaka yangu ni mawili. La kwanza: vijiji vya ujamaa vilivyorahisisha kuwafikia watu viliundwa kati ya 1974 na 1976, na wengi walihamishiwa huko kwa nguvu. Nikisema watu waliitikia kwa moyo, naweza kuwa nasifia wepesi wa kuwapata. Nadhani vyote viwili vilikuwepo, na vitabu vya shule vimebakiza kimoja.

La pili ni zito zaidi. Azimio la OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, la 1964 kule Cairo, la kuheshimu mipaka tuliyorithi, lilipelekwa na Tanzania. Kumfukuza mvamizi kulilingana nalo kabisa. Kuendelea hadi Kampala kulihitaji msingi mwingine, ule wa utu, na misingi hiyo miwili ikagongana. Mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, ulitukumbusha hivyo kwa maneno makali kutoka Sudan na Nigeria. Nyumbani mgongano huo haukumnyima mtu usingizi. Vitani watu hushika msingi unaoelekea waendako.

Na ukishautumia sana unachakaa. Baada ya vita tuliombwa kufunga mikanda miezi 18. Ikapita, mikanda bado imekazwa, maduka hayana sukari wala sabuni. Mwaka 1983 lugha ile ile ya adui wa taifa ilikuwa inawasaka walanguzi na wahujumu uchumi, na balozi wa nyumba kumi aliyepitisha michango ya vita ndiye sasa aliyetakiwa kujua nani kaficha mfuko wa sukari.