Mafuta yanakopotelea ukiendesha gari nyanda za juu kusini

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, ikishatangaza bei kikomo, simu yangu huanza kuita. "Fundi, hii gari inakunywa mafuta, tunafanyaje?" Bei yetu ya Mbeya imebeba na gharama ya kuyasafirisha mafuta kutoka bandarini, kwa hiyo yakipanda Dar es Salaam, huku yanapanda na nauli yake. Mimi ni fundi wa injini na umeme wa magari, na siku hizi kabla sijafungua boneti namuuliza mteja anapita barabara gani na anaiendeshaje. Huku kwetu milima na baridi ndivyo vinavyokula mafuta, na vyote viwili vina namna yake ya kuendeshea.

Nianze na nyutro, maana hiyo ndiyo imani iliyoota mizizi kuliko zote. Dereva akifika juu ya mlima wa Isyonje akitoka Mbeya kuelekea Tukuyu, au akianza kuuteremka mlima Kitonga akitoka Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni, anatoa gia, anaacha gari liserereke, moyoni anajua injini imepumzika na mafuta yamepumzika nayo. Enzi za kabureta ungeweza kubishana naye. Lakini kwa gari ambalo nozeli zake, yaani midomo inayonyunyizia mafuta kwenye injini, zinaamriwa na kompyuta, yaani karibu kila IST, Passo, Premio na Noah inayopita Mwanjelwa, mambo ni kinyume. Ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kabisa kwenye pedali ya mafuta, kompyuta inaona kwamba magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha injini. Haina sababu ya kumwaga mafuta, kwa hiyo inafunga nozeli zote. Haitoki hata tone, mpaka mizunguko ishuke karibu na elfu moja na kitu kwa dakika ndipo zifunguke tena injini isizimike. Ukitoa gia, unaikata injini kutoka kwenye magurudumu. Haina tena wa kuizungusha isipokuwa mafuta, na injini ya cc 1500 ikinguruma tu sailensi, bila kukanyagwa pedali, hutumia zaidi ya nusu lita kwa saa.

Haki itendeke: kwenye mteremko mdogo sana, ule ambao ukiachia pedali gari linapungua mwendo, nyutro itakufikisha mbali kidogo kuliko gia. Hapo ndipo imani ilipozaliwa. Lakini hata hapo mimi nabaki kwenye gia ya juu kabisa na kugusa pedali kidogo tu. Gari la otomatiki likiserereka kwa kasi kwenye N linazungusha meno ya gia bila msukumo wa kutosha wa oili ya kuyalainisha, na gia boksi moja ukiinunua utakuwa umelipa mafuta ya muda mrefu sana. Kuzima injini kabisa mlimani sitaki hata kukujadili. Stelingi inakuwa nzito kama jiwe, breki zinapoteza msaada wake baada ya kukanyaga mara chache, na ukiizungusha swichi ukapitiliza, stelingi inajifunga.

Kitonga ina kanuni ambayo madereva wa malori wa zamani wanaijua vizuri: gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Kwenye otomatiki bonyeza kitufe cha O/D pembeni ya gia ili isiingie gia ya juu kabisa, au shuka hadi 2, S au B kutegemea gari lako. Injini italalamika kwa sauti, mizunguko itapanda hadi elfu tatu, na abiria wa pembeni atakuambia unaiua gari. Mwache. Kwa sauti hiyo yote injini haili kitu, na breki zako zinabaki za baridi kwa ajili ya lori litakalokuwa limeharibika kwenye kona inayofuata.

Sasa kupanda. Kuna hesabu ambayo kila dereva wa huku angeijua, asingegombana na gari lake. Kuinua gari la kilo 1,200 hadi juu mita 1,000 kunahitaji, ukichukulia kwamba injini ya petroli inageuza karibu robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, kama lita moja na nusu. Hiyo ni ya kuinua tu, bila kuhesabu kusonga mbele. Kyela iko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, na katikati kuna Isyonje iliyo juu kuliko Mbeya yenyewe. Ukipakia watu watano na mikungu ya ndizi ya Kiwira, ongeza hapo. Mlima utaulipia, hakuna ujanja. Sehemu ya mafuta hayo unarudishiwa ukiteremka, ilimradi usiyaunguze kwenye pedi za breki.

Ujanja wa kupanda uko kwenye kutolazimisha. Injini isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia hewa, inapumua hewa nyepesi huku, na kwa kimo cha Mbeya imeshapoteza kama asilimia 17 au 18 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Passo ya cc 1000 haitapanda Isyonje kwa spidi 80, hata uikanyage vipi. Ukikanyaga mpaka chini, kompyuta inaingia kwenye hali ya nguvu kamili na kumwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo inavyohitaji, ili kupoza mitungi. Mimi naongeza mwendo kidogo kabla ya mlima, mahali panaporuhusu. Nikianza kupanda nashikilia pedali karibu theluthi mbili na kuiacha spidi ishuke taratibu. Nikiona injini inatetemeka kwa uzito, nashusha gia moja mapema. Kung'ang'ania gia ya juu huku umekanyaga hadi mwisho si ubahili wa mafuta, ni mateso kwa injini.

Hewa nyepesi yenyewe, nataka niiondolee lawama. Watu husema magari yanakula zaidi Mbeya kwa sababu ya kimo. Kwenye gari la nozeli, sensa zinapima hewa inayoingia na mafuta yanapunguzwa kulingana nayo. Tena kwenye tambarare, kama pale Igurusi hadi Chimala, hewa nyepesi inalisumbua gari kidogo kuliko hewa nzito ya Pwani. Labda kama una pikapu ya kabureta: hiyo itavuta mafuta mengi kuliko hewa, na utaiona kwa moshi mweusi.

Barabara ya TANZAM, ile kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, ina kitu kingine kinachokula kimyakimya: vibao vya 50. Kutoka Uyole hadi Makambako vijiji vinafuatana, kila kimoja na kibao chake, matuta yake, rasta zake, na mara nyingi askari wa tochi chini ya mti. Madereva wengi wanakuja na 90 mpaka kwenye kibao chenyewe, wanabana breki, wanapita, wanakanyaga tena. Kulirudisha gari la kilo 1,200 kutoka kusimama hadi spidi 80 kunakula takriban nusu ya kikombe kidogo cha kahawa, vile vikombe vya wauza kahawa wa vijiweni. Kidogo, eh? Zidisha kwa matuta yote hadi Iringa. Ukiona kibao kwa mbali, achia pedali ukiwa kwenye gia na uache gari lijipunguze lenyewe. Nozeli zimefunga, pedi zinapumzika, na askari hana la kukuambia. Mjini vivyo hivyo: kwenye foleni ya Mafiati au Kabwe acha nafasi ya gari moja mbele yako, utambae nayo polepole. Atakayechomeka achomeke, hatafika Soweto kabla yako.

Spidi yenyewe nitaisema kwa ufupi kwa sababu kila mtu anaijua na hakuna anayeifuata. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwenda 110 unakaribia kuuzidisha mara mbili. Keria tupu juu ya paa inaongeza tena, na gunia la viazi juu yake ndiyo usiseme.

Nije kwenye baridi, ambako naona pesa nyingi zaidi zikipotea bila mtu kushtuka. Gari likichemsha mara moja, mafundi wengi hutoa thamostati na kuitupa. Wanasema ni kifaa cha nchi za baridi. Sasa Mbeya, Makete na Njombe mwezi wa Juni ni wapi, kama si nchi ya baridi? Thamostati kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto la kazi, kama nyuzi 82 kwa Toyota nyingi. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na injini inayoteremka kutoka Isyonje asubuhi ya ukungu inaweza kukaa nyuzi 60 safari nzima. Kompyuta inaamini gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Otomatiki nyingi za Toyota hazipandi gia ya mwisho mpaka maji yapate joto, kwa hiyo mizunguko inabaki juu. Hata ule ufungaji wa nozeli niliousifu hapo mwanzo unaweza usifanye kazi, maana kompyuta inasubiri joto la injini. Kosa moja la gereji, hasara tatu kwa mwenye gari. Kama gari lilichemsha, tafuta sababu: rejeta iliyoziba, feni, mfuniko, gasketi.

Oili inaingia kwenye mlango huohuo. Gari ambalo kitabu chake kinataka oili nyepesi ya 5W-30 linawekewa nzito ya namba 40 au 20W-50 "kwa sababu injini imechoka". Alfajiri yenye baridi oili hiyo ni nzito, na pampu, pistoni na kamshafti vyote vinaisukuma kwa mafuta yako. Kama injini kweli imechoka na inakula oili, hapo tutaongea. Kama ni nzima, fuata kitabu.

Na ile desturi ya kuwasha gari na kuliacha likinguruma uani wakati unakunywa chai? Injini baridi ikisimama inapata joto polepole mno, na inakula kuliko ikiwa moto. Washa, subiri kama nusu dakika oili ifike juu, ondoka taratibu bila kukanyaga kwa nguvu kwa kilomita chache za mwanzo. Wenye dizeli zenye tabo, subira yenu ni ya mwisho wa safari: baada ya kupanda mlima mrefu acheni injini ingurume dakika moja au mbili ndipo mzime.

Kifaa cha kwanza kununua ni geji ya upepo ya mkononi, yako mwenyewe. Za wajaza upepo barabarani zinadanganya mno. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kwa kPa: 220 ni sawa na psi 32. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Joto likishuka nyuzi 10 tairi linapoteza kama psi moja na nusu, ndiyo maana lililojazwa mchana wa Novemba linakuwa legelege Julai. Waliojaza Dar es Salaam huniuliza kama upepo unabadilika wakifika huku. Kimo kinaongeza kama psi mbili na nusu kwenye geji na baridi inakula karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo mara nyingi utakuta namba ileile.

Cha pili hakiuzwi: jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha tripu sifuri, tembea, jaza tena kwenye pampu ileile, gawa kilomita kwa lita. Wanaoweka "ya elfu kumi" kila siku hawawezi kujua gari lao linakula kiasi gani, wanajua tu kwamba linaumiza. Na kwa milima yetu pima kwenda na kurudi. Mtu akinionyesha hesabu ya Mbeya hadi Kyela peke yake, amenionyesha mteremko.

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya kutumbukiza tenkini, vidude vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari: niachieni hizo pesa mimi. EPA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo na halikupata hata kimoja kinachopunguza ulaji wa mafuta kwa kiwango cha maana.

Kinachofaa ni kile kisomaji cha kompyuta ya gari, ELM327, kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuongea na simu kwa Bluetooth. Angalia joto la maji, na angalia kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi kujisahihisha. Ikikaa juu ya asilimia 10 ya kuongeza muda wote, kuna hewa inayovuja, sensa iliyochafuka au pampu dhaifu. Tahadhari moja: Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina tundu la kuchomeka lakini haziongei lugha moja na visomaji hivi bila kuwekewa mpangilio maalumu, kwa hiyo muombe muuzaji akijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa.

Kama kimegoma, tumia taa. Passo na Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Ikikawia kuzimika wakati umeshatembea kilomita kumi, au ikiwaka tena ukiteremka kuelekea Kiwira, thamostati haimo au imekwama wazi. Mwambie fundi wako airudishe, na umuombe akuonyeshe ile mpya kabla hajaifunga: mara nyingi 82 imegongwa kwenye chuma chake.